Hela za Siaya na ile hofu ya bei kupanda

Kila mara mjadala wa kuwapa maskini hela mkononi ukianza, kuna atakayesema watanywea pombe, na akijibiwa anahamia kwenye bei, kwamba sokoni vitu vitapanda na ambaye hakupewa ndo ataumia. Ya pombe mi naiacha. Ya bei ni hoja ya maana kabisa, manake pesa zikiingia kijijini kwa mkupuo na unga uko ule ule, kwa nini bei isipande?

Bahati nzuri kule Siaya, Kenya, hili lilipimwa. Kuanzia 2014 shirika la GiveDirectly, linalowapa maskini hela moja kwa moja, lilizipa kaya zaidi ya 10,000 zilizokuwa kwenye nyumba za nyasi kama dola 1,000 kila moja, kwa simu. Vijiji vilikuwa 653 na vya kupata vilichaguliwa kwa bahati nasibu, so kulinganisha kunawezekana. Kwenye kilele hela hizo zilizidi asilimia 15 ya pato la eneo lile, yaani si kidogo. Mchumi Edward Miguel na wenzake wakafuatilia bei na kukuta wastani umepanda asilimia 0.1. Sifuri nukta moja jamani! Tena kila dola iliyoingia ilizaa karibu dola 2.5 pale pale, na hata waliokosa matumizi yao yaliongezeka.

Nimeiwaza sana hiyo 0.1 na naona jibu liko kwenye biashara zenyewe. Mashine ya kusaga inashinda imezimwa nusu siku, fundi cherehani anasubiri wateja, muuza duka ana mzigo hautoki. Wateja wakija na hela hawa wanaongeza kazi tu, hawana haja ya kupandisha bei wala kununua mashine nyingine. Kilichokosekana kijijini kilikuwa wanunuzi.

Wanaosema uchumi ukue kwanza nao wana lao, China na Vietnam watu walitoka kwenye umaskini kwa kazi na viwanda, na dola 1,000 haijengi barabara. Pia hela za Siaya zilitoka nje, serikali ikitaka kufanya hivyo lazima itoze kodi mahali. Nakubali. Lakini ukuaji peke yake nao tumeuona, Tanzania uchumi ulikua kama asilimia 6 kwa mwaka ila umaskini kati ya 2011/12 na 2017/18 ukashuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4 tu.

Halafu kuna wanaotaja Inua Jamii, mpango wa serikali ya Kenya wa kuwapa hela wazee na wengine wasiojiweza, kuonyesha kwamba hela za mkononi Kenya zimeshindwa. Ile ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na wazee wanaisubiri miezi inapochelewa. Mzee akila na kulipa deni la dukani imeisha, ila Siaya kaya ilipata ya kuezeka bati na kununua ng'ombe, sasa hapo kinacholinganishwa ni nini?