Keki ya Kiswahili, mtihani wa Kiingereza

Tarehe 7 Julai ofisini kwetu tulikata keki. Siku ya Kiswahili Duniani, si mnajua tena. Mabosi walitinga batiki, mmoja akaghani shairi huku akilisoma kwenye simu, na juu ya keki pameandikwa kwa sukari ya bluu: Kiswahili Oyee. Nilikula vipande viwili. Kesho yake asubuhi ukaingia waraka kwa barua pepe, aya nne za Kiingereza kitupu: mtu yeyote wa operesheni ambaye hatakuwa na cheti cha kitaalamu cha usafirishaji na lojistiki ifikapo Desemba atashushwa kuwa msaidizi.

Mimi cheti ninacho, na nisiwe mnafiki: ndicho kilichonipandisha cheo. Aliyenipandisha hasira ni Mjomba. Au tuseme, yale anayofanyiwa Mjomba.

Mjomba (yadi nzima tunamwita hivyo, hata mkurugenzi) ana miaka 19 kwenye kazi hii. Alianza utingo, akawa karani wa kuhesabu mizigo, sasa ndiye anayesimamia upakiaji wa malori ya Kongo na Zambia. Mwezi wa tano tulikuwa na koili za chuma za kwenda Lubumbashi. Semi ya ekseli (vyuma vinavyoshika magurudumu) sita, lori na mzigo vinasoma tani 49 na ushee, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu 50. Kijana wetu mpya, mwenye cheti kilichotiwa fremu, akasema tuko ndani, dereva aondoke. Mjomba akachuchumaa. Akaangalia tairi za nyuma za kichwa zilivyotoa tumbo, akagonga moja kwa ncha ya kiatu.

"Hii mizani ya Vigwaza haipiti. Kichwa kimelemewa. Koili ya mbele irudi nyuma hatua moja."

Kijana akabisha. Tukalipeleka lori kwenye mizani ya jirani: ekseli mbili za kichwa, ambazo mwisho wake ni tani 18, zilikuwa zimebeba 19 na nusu. Jumla safi, mgawanyo mbovu. Foklifti ikaitwa, koili ikarudishwa, lori likapita Vigwaza na mizani zote hadi Tunduma bila faini hata shilingi.

Sasa sikilizeni. Mjomba alikuwa ameshaufanya mtihani wa cheti hicho mwaka jana, kwa hela yake mwenyewe, akafeli. Swali mojawapo lilimtaka aeleze tofauti ya uzito wa ekseli na uzito wa jumla wa gari. Aliliacha wazi. Jioni ya siku ile ya koili alinisomea karatasi ya maswali kwenye simu, nikamfafanulia lile swali kwa Kiswahili. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe ndilo hilo?"

Ndilo hilo, Mjomba.

Basi cheti kilimpima nini? Usafirishaji anaujua. Walichompima ni Kiingereza cha darasani, tena kile cha maswali ya mtihani, ambacho hata Mwingereza hakizungumzi akiwa na njaa. Kazi yenyewe inafanyika kwa lugha gani? Ukiamka saa kumi alfajiri kufuatilia kontena, unaongea Kiswahili na mlinzi wa geti, Kiswahili na winchi, Kiswahili na mpima mizani. Dereva akikwama Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, anagombana kwa Kiswahili na Mkongo anayemjibu kwa Kiswahili cha kwao, na wanaelewana vizuri tu mpaka kwenye bei. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi hapahapa Dar mwaka 2019. Wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki nao wakafanya hivyo 2021. Ushoroba mzima kimepita, kimekwama mlangoni mwa chumba cha mtihani.

Najua jibu litakalokuja: Kiswahili hakina istilahi. Jamani. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967. Mwaka huohuo wa 2021 tulibadilisha sheria, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Leo mtu anaweza kushtakiwa kwa mauaji, akajitetea na akahukumiwa kwa Kiswahili, lakini kueleza mgawanyo wa uzito kwenye trela, hapana, lugha haitoshi! Na nani yadini aliwahi kusimamisha kazi kwa kukosa neno? Tuna trela, ekseli, sili, kontena, foklifti, dimareji (tozo ya kuchelewesha kontena). Tulipokosa la kwetu tuliazima, tukalivalisha kanzu, tukaendelea kupakia. Taasisi ya Waingereza ya fani hii ilianzishwa London mwaka 1919, na hawakujitahini kwa Kigiriki.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba karatasi zetu nyingi ni za Kiingereza. Hati ya shehena ni Kiingereza, manifesti ni Kiingereza, na anayeshindwa kutofautisha FOB (bei ya mzigo ukishapakiwa melini) na CIF (bei pamoja na bima na nauli ya meli) atamtia mteja hasara. Sawa. Mpime mtu kusoma hati hizo, mpe hati halisi mkononi, mwulize kosa liko wapi. Mjomba atakuonyesha namba ya sili isiyolingana kabla hujakaa kitini. Insha ya kurasa tatu kuhusu "umuhimu wa mnyororo wa ugavi" inahusiana vipi na hilo?

Wala sisemi vyeti vifutwe. Beirut mwaka 2020 shehena ya kemikali ya amonia nitreti ililipuka ghalani baada ya kukaa humo miaka, kwa hiyo yule anayetaka mizigo hatari ishikwe na yeyote tu mradi ana uzoefu asinihesabu upande wake. (Vile vyeti vya siku mbili vya mtandaoni sivizungumzii. Kama ulipata chako ukiwa kwenye daladala, hongera.)

Nilimwandikia mtu wa rasilimali watu nikapendekeza watu wa yadini waruhusiwe kupimwa kwa Kiswahili na kwa vitendo. Alinijibu kwa adabu, kwa Kiingereza, kwamba wazo langu limepokelewa.

Kwa hiyo kila Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja jioni, mimi na Mjomba tunakaa kwa mama ntilie nyuma ya yadi na daftari. Namtafsiria maswali, ananipa majibu, namrudishia majibu yake kwa Kiingereza, anayakariri. Juzi tulifika sura ya kufunga mzigo. Kitabu kinaonyesha mchoro wa minyororo kwenye koili. Aliutazama muda mrefu, akageuza kitabu, akautazama tena.

"Huyu aliyechora," akasema, "koili yake itaruka kwenye kona ya kwanza ya mlima Kitonga."

Nikamwambia kwenye mtihani achore hivyohivyo.