Florence Price hakupotea, aliwekwa kando

Wanaosimulia habari za Florence Price, mtunzi wa muziki Mmarekani Mweusi, siku hizi huanzia mwishoni. Mwaka 2009, kwenye nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, jimbo la Illinois, watu waliokuwa wakiikarabati walikuta marundo ya karatasi za nota zenye jina lake. Humo mlikuwa na konserti mbili za fidla (tungo za fidla ikisindikizwa na okestra) na simfonia yake ya nne, yaani utungo mrefu wa okestra wenye sehemu kadhaa. Kisa kitamu, na utamu wake ndio unaonitia shaka. Unatuaminisha kwamba muziki wa mama huyu ulipotea kwa bahati mbaya, kama ufunguo ulioanguka mchangani.

Price, mzaliwa wa Little Rock aliyesomea muziki Boston, alikuwa akijulikana vizuri tu. Tarehe 15 Juni 1933 Okestra ya Simfonia ya Chicago ilipiga simfonia yake ya kwanza. Kabla ya hapo hakuna okestra kubwa ya Marekani iliyokuwa imepiga simfonia ya mwanamke Mweusi. Mwaka 1943 alimwandikia Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, akamwambia waziwazi kwamba ana vikwazo viwili, uanamke na rangi, akaomba kazi yake ipimwe kwa ubora wake. Koussevitzky hakupiga simfonia yake hata moja. Price alipofariki mwaka 1953, tungo zake nyingi za okestra zilikuwa bado miswada ya mkono, na okestra haipigi kitu ambacho nota zake hazipatikani. Haki za kuzichapisha zilichukuliwa na kampuni ya G. Schirmer mwaka 2018.

Na ni muziki wa namna gani tulionyimwa! Katika sehemu ya tatu ya simfonia hiyo ya kwanza, pale watunzi wa Ulaya walipozoea kuweka scherzo, kipande chepesi cha mwendo wa haraka, yeye kaweka juba, ngoma ya watumwa wa mashambani waliopiga makofi, mapaja na vifua vyao. Ukiisikiliza umekaa kimya, mguu utakusaliti.

Kinachoniudhi sasa ni waandaaji wanaompiga Price mwezi Februari tu, kwa heshima ya historia ya Weusi, kisha wanamfungia kabatini. Mpigeni Oktoba, katikati ya watunzi wa Ulaya kama Brahms na Dvořák, tumchambue kama wao. Mimi, kwa mfano, sehemu ya kwanza ya simfonia hiyo naiona ndefu kupita haja. Anayetaka kunibishia aanze na rekodi ya Okestra ya Philadelphia, ile iliyopata Grammy mwaka 2022.