Boti ikiwa nzito, usikimbilie gavana

Nahodha wa Lamu anayetaka gavana ya mashine yake, yaani kifaa kinachozuia mashine isizidi kasi iliyowekewa, ipandishwe ana hoja. Anayekwenda Mtangawanda au Faza, kisiwani Pate, kwa mlango mwembamba wa bahari uitwao Mkanda anafukuzana na maji. Yakishatoka, chombo hukaa kikingoja yajae. Na kurudi Amu, mji wa Lamu, wakati wa kusi ni kupanda upepo. Akiambiwa skurubu moja ya pampu ya dizeli itampa mizunguko 300 zaidi kwa dakika, atakataaje?

Ila gavana kazi yake ni kubana dizeli mashine inapofika kikomo: vyuma vizito vinavyozunguka hutanuka, hushindana na springi, hurudisha reki ya pampu, yaani fimbo inayopima dizeli. Kukaza skurubu ya kikomo ni kuipa springi nguvu, basi. Kiasi cha juu cha dizeli kwa kila mpigo huwekwa na skurubu nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ikichezewa hutoa moshi mweusi.

Kwa hiyo pima kwanza. Mashine yenye mizunguko 2,400 kwa dakika kwenye kibati chake cha kiwanda hufika kama 2,550 hadi 2,600 ikiwa haina mzigo. Pengo hilo si ugonjwa. Iache ipate moto dakika 15, bandika utepe unaong'aa kwenye flaiwili (gurudumu zito la mashine), soma kwa takometa, kipimo cha mizunguko. Kisha soma tena baharini, gia imeingia na mkono wa mafuta umesukumwa mwisho. Ikitoa 2,600 bila mzigo lakini majini inakwama 2,200, gavana imeshafungua yote iliyo nayo. Kaza mpaka kesho, huongezi kitu. Tafuta propela yenye pichi kubwa mno (pichi ni umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), filta iliyoziba, au makome yaliyoganda chini ya chombo. Kupunguza pichi inchi moja hurudisha mizunguko kama 150 hadi 200.

Kukaza kuna wakati wake. Springi huchoka, na mashine ya 2,400 inayotoa 2,350 bila mzigo ina haki ya kurudishiwa namba yake. Hata hapo anza na kebo ya mkono wa mafuta: ikilegea au ikishikwa na kutu ya chumvi, mkono wa pampu haufiki kwenye skurubu, na gavana inasingiziwa bure. Ukiridhika, legeza nati ya kufungia, zungusha robo, pima, rudia. Uwe na kipande cha mbao cha kuziba mdomo wa hewa, maana reki ikikwama wazi mashine hupaa, yaani huzidi kasi bila kuzuilika, na kufunga koki ya dizeli huchelewa kuizima.

Kuvuka namba ya kiwanda ndiko tusikokubali. Kutoka 2,400 hadi 2,700 ni nyongeza ya asilimia 12.5 tu, lakini mvuto kwenye bolti za konrodi, mikono inayounga pistoni na krenki, hupanda kwa asilimia 27, na propela ileile hudai nguvu asilimia 42 zaidi. Springi za vali zikichelewa kufunga, pistoni hugonga vali. Na kwa faida gani? Mashua nzito yenye futi 25 kwenye mstari wa maji huanza kupanda wimbi lake yenyewe karibu na maili 6.7 za baharini kwa saa. Dizeli inayozidi hapo inachomwa kutengeneza mawimbi.

Ikiwa chombo kimejaa abiria na mashine bado inafika 2,550 majini, propela ni ndogo. Hapo kweli kuna kasi imelala: ongeza pichi mpaka mashine itulie kwenye 2,400, na skurubu ya gavana isiguswe.