Helios 44-2: Kasoro Inayosakwa

Ukiipeleka lenzi ya kamera iitwayo Helios 44-2 maabara, itafeli. Tundu lake la mwanga linapofunguliwa hadi mwisho, yaani f/2, kingo za picha zinalegea, na ukielekea jua picha nzima inapauka. Lakini lenzi hii ya milimita 58, iliyotolewa kwa mamilioni katika Umoja wa Kisovieti na kuuzwa pamoja na kamera za Zenit, bado inasakwa hata na vijana waliozaliwa baada ya dola hiyo kuvunjika. Wanachofuata ni kile kizunguzungu: majani yaliyo nyuma ya mtu yanaonekana kama uji unaokorogwa.

Wanaosema hiyo ni kasumba wana hoja nzito. Hakuna siri ya kioo cha Kirusi hapo. Muundo wenyewe umetokana na Biotar, lenzi ya kampuni ya Kijerumani ya Carl Zeiss Jena, ya miaka ya 1930, na chanzo cha mzunguko kinajulikana. Mwanga unaoingia kwa mshazari hukatwa na kingo za vioo, hivyo doa la mwanga lililo mviringo kamili katikati ya picha huminywa kadiri linavyosogea pembeni, likabaki na ncha mbili, na madoa yote yakajipanga kuizunguka katikati. Fokasi nayo, yaani eneo linaloonekana kali, inapinda badala ya kukaa bapa. Lenzi ya kisasa ya Sigma 50mm f/1.4 Art, ya mwaka 2014, ina vioo 13 na uzito wa zaidi ya gramu 800, vyote kwa ajili ya kufuta makosa ya namna hiyo. Na kwenye picha ya ukoo harusini, shangazi aliyesimama mwisho wa mstari anataka kuuona uso wake, basi.

Hata hivyo, kosa unaloweza kuliwasha na kulizima ni kifaa cha kazi. Msimamishe mtu kama mita mbili kutoka kwako, nyuma yake kuwe na miti inayopenyeza mwanga, upige kwa f/2: mzunguko huo hapo. Funga tundu hadi f/8, umetoweka, na picha imekaza vizuri tu. Hapo ndipo ninapoiheshimu Helios. Kupauka juani sikuhesabu kama haiba, sembuse fangasi ndani ya kioo, ambao wauzaji wengine nao huuita “mvuto wa zamani”.

Anayetaka kuinunua aangalie kwanza sensa ya kamera yake, yaani kile kipande kinachopokea picha. Mzunguko unakaa pembeni mwa picha. Sensa ya aina ya APS-C, iliyo ndogo kuliko fremu ya filamu ya 35mm, inachukua katikati tu, na sehemu kubwa ya kile alicholipia inakatwa.