Pima Kwanza, Ndipo Uniuzie Betri

Jirani yangu kauziwa betri nyingine tena. Toyota IST ile ile, fundi yule yule, maneno yale yale: “Dada, betri imekufa.” Imekufa vipi na haijamaliza hata msimu mmoja wa mvua? Mita ya kupimia umeme fundi anayo, kaiweka kama pambo.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba joto la Dar linaua betri. Lakini gari linalowaka vizuri jioni, ukilipaki siku mbili haliwaki hadi ulibusti, lina kitu kinachonyonya umeme likiwa limezimwa.

Kukitafuta si uganga. Vua terminali ya hasi. Waya mmoja wa mita uweke kwenye kichwa hicho hicho cha hasi cha betri, mwingine kwenye terminali uliyoivua, mita ikiwa kwenye tundu la ampea 10. Usipige stata hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Sukuma loki ya mlango kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa, kisha subiri. Subiri kweli! Kompyuta za magari mengine huchukua nusu saa kulala, na mafundi wetu hushindwa hapo hapo, maana nusu saa bila kumtoza mtu hela kwao ni dhambi. Gari likishalala, mita isizidi ampea 0.05 hivi.

La jirani lilisoma 0.6. Piga hesabu: kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 14, na betri yenyewe ni ya ampea-saa 35! Tukachomoa fyuzi moja moja. Ya honi, wapi. Ya redio, namba ikaporomoka hadi 0.02. Kufungua dashibodi, waya wa njano, unaokaa na umeme muda wote, umesokotwa pamoja na mwekundu, unaotakiwa kupata umeme ukizungusha ufunguo tu, vikazungushiwa soletepu. Soletepu jamani! Redio iko macho usiku kucha, inamsubiri nani?

Mara nyingine ni alam, treka (kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo) au taa ya buti. Daiodi za oltaneta, yaani vile vizuizi vya umeme kurudi nyuma kwenye mashine inayochaji betri, nazo huvuja, na hizo hutazikuta kwa kuchomoa fyuzi ndogo ndogo.

Ile betri ya kwanza, ambayo pengine ilihitaji kuchajiwa tu, fundi aliondoka nayo “kama chuma chakavu”. Natamani kujua sasa hivi inawasha gari la nani.