Nimewapasha moto panya wa besimenti

Huku Minneapolis, Marekani, Januari haina utani. Asubuhi ya tarehe 30 Januari 2019 tulishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na mimi ni mtoto wa Tanga, kwetu ikifika nyuzi 22 mtu anasaka sweta. Bili ya gesi ya kupashia nyumba joto naisoma nikiwa nimekaa.

Msimu huu nikapata akili. Vyumba vinne, tunalala viwili. Vile vya wageni navipashia joto nani? Nikapiga magoti chumba hadi chumba, nafunga matundu ya sakafuni, yale yanayoleta hewa ya moto kutoka kwenye mashine ya joto, kwa kile kishikizo kilichogandana na rangi, mpaka kidole gumba kikachubuka. Nikafunga na la nyuma ya kochi, maana kochi halisikii baridi. Jumla saba! Mama Zawadi ananitazama tu na chai yake ya tangawizi.

"Baba Zawadi, una hakika?"

"Mke wangu, hii ni sayansi."

Wiki ya pili, saa kumi alfajiri, mashine ya joto ikawaka, ikazima. Ikawaka, ikazima. Daladala bovu mlimani. Tukaamka na makoti, mtoto anapuliza mvuke mdomoni anafurahi, eti anavuta sigara.

Fundi alipokuja hakutoa hata bisibisi. Alizunguka akihesabu matundu kwa kidole, kama trafiki aliyekukamata na makosa mengi. Kumbe feni ya mashine haina habari kwamba umefunga chumba! Inasukuma hewa ileile, mabomba ya hewa yanaelemewa, joto linachoropoka kwenye viungio kule besimenti, chumba cha chini ya nyumba, na mashine ikizidiwa na moto wake yenyewe, swichi ya usalama inauzima. Yaani siku zote hizo nawakanda panya. Halafu akaniuliza, choo cha wageni kina maji? Nikasema kimejaa. Akaenda kuchungulia. Barafu.

Bomba halikupasuka, Mungu mkubwa. Dola 160 zimekwenda kwa kufunguliwa nilichokifunga mwenyewe bure. Akaniachia na mawaidha: badilisha chujio la hewa la mashine, ziba nyufa za madirisha, usiku punguza themostati, kile kidude cha ukutani cha kupangia joto.

Basi kila siku saa nne usiku naipunguza. Saa nne na dakika tano nasikia mlango, kandambili, halafu ti, ti, ti.

"Nani huyo anapandisha?"

Gizani huko najibiwa: "Sayansi."