Anayeuma ni Leach, si Schiano

Kuna makala inasema sisi mashabiki wa Tennessee, timu ya chuo kikuu ya futiboli ya Kimarekani, tunajutia kumkataa kocha Greg Schiano mwaka 2017. Hapana bwana. Huyo tulimkataa kwa macho makavu, mpaka lile jiwe la chuoni likapakwa rangi maneno ya kumpinga kabla hajafika. Anayetuuma roho ni kocha Mike Leach, tuliyemkosa. Mkurugenzi wetu wa michezo, John Currie, alikwenda kuonana naye, kesho yake akasimamishwa kazi, na mpango ukafa hapo hapo. Tukaletewa kocha Jeremy Pruitt: ushindi 16, vipigo 19, akatimuliwa Januari 2021 na kesi ya kuvunja kanuni za usajili wa wachezaji juu. Leach huko Chuo Kikuu cha Washington State, 2018 peke yake, alishinda mechi 11 akapoteza 2! Na yale mashambulizi yake ya kurusha mpira muda wote, jamani.

Fulana yangu ya Tennessee, ya rangi ya machungwa, ilikaa kabatini hadi nondo wakaitoboa kwapani. Niliivaa hivyo hivyo Oktoba 2022, kocha wetu Josh Heupel alipoifunga Alabama 52–49. Miezi miwili baadaye Leach akafariki. Nikairudisha kabatini.